Mwalimu Anayengoja Kuitikiwa

Katika ile kamati ya kuchagua teknolojia za kufundishia kwa mtandao, mwenye mdomo mkubwa nilikuwa mimi. Sijivunii, wala sijuti. Mimi ni mtu wa Rungwe, na kwetu mtu akinong'ona tunadhani anaumwa. Kwa hiyo mkuu wa kitivo aliposema tuchukue tu masomo ya video ya moja kwa moja, kwa kuwa vyuo vingine vimechukua hayo, nilimjibu kwa sauti ambayo nadhani ilifika Uyole kwamba vyuo vingine havina wanafunzi wetu.

Wanafunzi wa kozi ile ni walimu wa shule za msingi walioko kazini. Wanasoma shahada huku wanafundisha, wanalima na wanalea. Wakati wa likizo wanakuja Mbeya tunakaa nao darasani, na miezi iliyobaki ni sisi kuwafuata kwenye simu zao. Mmoja anafundisha Kilolo, kwenye shule iliyopakana na mashamba ya viazi, na simu yake anaichaji kwa jirani mwenye sola. Mwingine yuko Makongolosi, kule kwenye dhahabu, ambako mtandao upo siku watu hawautumii. Ukimwambia mtu kama huyo awashe kamera kila Jumamosi alasiri, umemfukuza chuo kwa lugha ya upole.

Hayo ndiyo niliyoyasema kikaoni. Ambalo sikulisema ni kwamba nyuma ya kelele zangu kulikuwa na mtu mmoja ninayempenda.

Ni mwalimu wangu. Alinifundisha namna ya kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kusoma, na mpaka leo nikisimama mbele ya watu najisikia nimevaa koti lake. Alishastaafu, lakini chuo kilimwongezea mkataba wa kufundisha kozi hiyo moja, na sehemu kubwa ya kazi anaifanyia nyumbani kwake Iringa. Mke wake tulimzika mwaka juzi. Watoto wao wako Mwanza na Dar es Salaam, wanampigia simu Jumapili baada ya kanisa. Siku nyingine sita, anayemtafuta ni mwanafunzi.

Sasa likatoka tangazo kwamba kila kozi iwe imeingizwa kwenye teknolojia itakayopitishwa na kamati kabla muhula haujafunguliwa. Itakayoshindwa, itapewa mwalimu mwingine. Kwetu sisi hilo lilikuwa usumbufu. Kwake ulikuwa mwisho wa mkataba, na kila mtu aliyesoma tangazo lile alijua hivyo. Nilimpigia simu kumtania, nimwambie tunamleta kwenye dunia ya vijana. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, kama mtu anayeeleza habari za mvua, "Mama, wakinichukulia lile darasa, sijui asubuhi nitakuwa naamkia nini."

Nilikata simu nikabaki nimekaa kwenye gari pale Soweto, mtaa wa hapa Mbeya, nje ya duka la vifaa vya shule, nimekasirika sana na sina wa kumkasirikia. Kesho yake nikaomba kamati inipe kazi ya kwenda Iringa kumjaribishia teknolojia moja baada ya nyingine, mpaka tupate inayomfaa yeye na wanafunzi wake. Walinikubalia haraka, nadhani ili wapumzike na sauti yangu.

Nilikwenda na dada wa kitengo cha TEHAMA, Msangu mmoja mcheshi ambaye kila kitu kikiharibika yeye hucheka kwanza ndipo atengeneze. Tulianza na video, kwa kuwa ndiyo aliyoitaka mkuu wa kitivo. Wanafunzi wakaitwa Jumamosi alasiri. Mwalimu akavaa tai. Tukamweka mbele ya kompyuta, na kwenye kioo vikajitokeza vile viboksi vyeusi, kila kimoja na jina lake.

"Kamwene," akasalimia. Ndiyo salamu ya Kihehe, na anayesalimiwa hujibu neno hilohilo.

Hakuna aliyejibu. Akarudia. Kimya. Akanigeukia.

"Wamelala?"

"Wamefunga kamera na maiki, Mwalimu. Wanaokoa bando."

"Sasa mimi hapa naongea na nani?"

Dada wa TEHAMA akamwonyesha kwamba anaweza kumwita mmoja mmoja na kumwomba afungue sauti. Hilo lilikuwa kosa letu. Mwalimu akaanza na boksi la kwanza: habari za nyumbani, mama mkwe amepona, maharage yametoka, huko kwenu baridi imeanza. Akaenda la pili, hivyohivyo. Yule wa Makongolosi akakatika katikati ya habari za watoto, akarudi, akasalimiwa upya tangu mwanzo, akakatika tena. Muda ukaisha somo halijaguswa. Jioni mwanafunzi wa Kilolo akaandika kwa adabu sana kwamba amefurahi kumwona Mwalimu, ila bando la wiki nzima limekwisha kwenye salamu.

Tukajaribu maandishi. Mwalimu akaandika mihadhara yake yote, tukaipamba kwa picha na rangi, tukaiweka kwenye mfumo. Kwa macho yangu ilikuwa kazi safi. Wanafunzi waliipakua, wakashukuru, wakaiacha humohumo kwenye simu. Naye mwenyewe hakuridhika. Somo lake ni la sauti: mtoto anaisikiaje herufi, anaiunganishaje na mwenzake, mwalimu anatamkaje bila kumtisha. Ukiyaandika hayo yanalala tu kwenye karatasi. "Nimewapelekea ugali mkavu," alisema, akaomba tuitoe picha ya kompyuta iliyochorwa macho na mdomo, kwa sababu ilikuwa inamcheka.

Muhula ulikuwa unakaribia kufunguliwa na mimi nilishaanza kukosa usingizi. Ndipo nikamwambia aachane na kompyuta. Achukue simu, aongee nayo kama anavyoongea na mimi, tuirekodi sauti, tuitume kwenye kundi la wanafunzi, kila mtu aisikilize anapopata nafasi. Sauti haili bando kama video. Unaweza kuisikiliza ukiwa unapukuchua mahindi.

Aliipenda, ingawa aliikubali taratibu, kama anavyokubali kila kitu. Tukatundika blanketi kwenye dirisha la sebule kuzuia mlio wa mashine ya kusaga ya jirani. Nikawafukuza kuku. Nikazima redio. Yeye akakaa wima kwenye kiti, koti amefunga vifungo vyote, simu juu ya meza kwenye kitambaa alichofuma marehemu mke wake.

"Kamwene, wanangu."

Akanyamaza. Nikadhani amesahau. Nikampungia mkono aendelee, naye akaniinulia kidole kimoja, kile kilekile alichokuwa akituinulia darasani tukimkatiza. Akaendelea kuitazama simu. Kisha akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeitikiwa vizuri.

"Haya. Na huko nyumbani hamjambo?"

Akanyamaza tena. Somo zima likaenda hivyo. Akiuliza swali, anangoja. "Mtoto amesoma neno vibaya, na wenzake wameanza kumcheka. Wewe unafanya nini kwanza?" Halafu kimya, mpaka nikaanza kuisikia saa ya ukutani. Tulipomaliza nikamwuliza alikuwa anamngoja nani.

"Wao."

"Mwalimu, hii ni rekodi. Wengine wataisikiliza wiki ijayo."

"Hata wiki ijayo watahitaji nafasi ya kuitikia."

Ningembishia nini? Huku kwetu, kote kuanzia Iringa mpaka Mbeya, mtu anayekusalimia kisha akaendelea na maneno yake bila kungoja itikio amekuja kwa ugomvi. Na mtoto wa huku hakurupuki kujibu. Ukimwuliza, anainamisha macho kwanza, analipima swali, kwa sababu kumjibu mkubwa harakaharaka ni utovu wa adabu. Mwalimu amefundisha maisha yake yote kwa kuwangoja watoto hao, na wengi waliotoka kwake wakijua kusoma ni wale ambao walimu wengine walikuwa wameshawaita wazito.

Tatizo lilikuwa moja. Mafaili yalikuwa mazito, na dada wa TEHAMA alikuwa na programu inayosikiliza rekodi na kukata yenyewe kila mahali penye kimya. Tulimweleza Mwalimu. Akafikiri, akasema, "Kama inawapunguzia gharama, kateni." Tukakata. Faili likapungua vizuri sana, na sisi wawili tukapongezana kama tuliovumbua umeme. Masomo ya kwanza ya majaribio yakatumwa. Nikaandika taarifa yangu kwa kamati, ndefu na yenye majigambo.

Ujumbe wa kwanza ulitoka Kilolo. "Shikamoo madam. Samahani kwa usumbufu. Mwalimu ni mzima?"

Nikamjibu ni mzima kabisa. Baada ya muda mfupi wa Makongolosi naye akaandika: "Madam, tumemkosea nini Mwalimu? Anatusalimia kama anatufukuza." Mwingine akasema alikuwa anasikiliza somo pamoja na mume wake, mume akatua mwiko akamwambia, huyo mzee mmemuudhi, nendeni mkamwombe radhi. Kwenye kundi wakaanza kuulizana nani hajakusanya kazi, nani alichelewa likizo iliyopita, nani aliwahi kumjibu Mwalimu vibaya. Watu wazima, wenye watoto wao na madarasa yao, wakaanza kutubu mmoja mmoja, wengine kwa makosa ambayo Mwalimu hakuwahi hata kuyajua.

Halafu Mwalimu akanipigia.

"Mama, kuna watu wawili hapa wametoka Kilolo. Wameniletea jogoo na ndoo ya viazi. Wananiomba msamaha. Mimi wamenifanya nini?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa ofisi. Niliposhika tena simu nikasikia upande wa pili hakuna anayecheka, nikanyamaza. Nikamweleza ile programu ilivyofanya kazi, kwamba sasa salamu yake inafuatwa papo hapo na swali, na swali linafuatwa na jibu, bila pumzi. Kisha akasema, "Mmekata maitikio yao." Na baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, "Sikujua mashine itadhani pale hapana mtu."

Kwa kweli hilo liliniuma kuliko tangazo lenyewe. Nilikimbia kwa dada wa TEHAMA nikiwa tayari kugombana na kompyuta. Yeye, kama kawaida, akacheka kwanza. Halafu akakaa na zile rekodi za asili siku nzima, akaniita. Kumbe kimya tulikionea bure. Uzito mkubwa ulikuwa kwenye ubora wa sauti, tulioupandisha juu kana kwamba tunarekodi kwaya. Akaushusha mpaka sauti ya Mwalimu ikawa kama ya redio za zamani, kavu kidogo lakini safi, faili likawa jepesi kuliko lile tulilokata, na kila kimya kikabaki mahali pake. Tukayatuma masomo upya. Jogoo alirudishwa Kilolo kwa heshima. Viazi Mwalimu alivibakiza.

Ikabaki kamati, na ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Tulikutana Mbeya mwezi wa Julai, katika baridi ile ambayo hata madokta wanakuja kikaoni na mashuka. Mkuu wa kitivo alikuwa amesoma taarifa yangu mpya, na hakufurahi.

"Hii siyo teknolojia," alisema. "Hii ni redio. Tukipitisha hii, wakaguzi watatucheka. Nashauri kozi ya mzee apewe mtu anayeweza video. Kwa heshima zote, mzee amefanya kazi, apumzike."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hoja za bando, za chaji, za milima, za aina ya somo. Lakini aliposema apumzike, damu ikanipanda kichwani na hoja zote zikapotea, yakabaki matusi ya Kinyakyusa ambayo siwezi kuyaandika hapa. Dada wa TEHAMA akaniona. Aliweka simu yake katikati ya meza akabonyeza.

"Kamwene, wanangu."

Kimya kikaanza. Watu wakatazamana. Kisha mama wa idara ya fedha, Mbena wa Njombe asiyependa makuu, akasema taratibu kwenye shuka lake, "Kamwene." Na mwingine pembeni yake, "Kamwene, Mwalimu."

"Haya. Na huko nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo," ikajibu nusu ya kamati, na mimi nikiwamo. Sikukusudia.

Somo likaendelea. Likafika kwenye swali la mtoto aliyesoma vibaya na wenzake wakamcheka, mwalimu afanye nini kwanza. Kimya kikatanda pale mezani, kirefu, na hakuna aliyekohoa. Nilimwangalia mkuu wa kitivo. Alikuwa ameinamisha macho kwenye meza, na nikaona kwamba huyu mtu, pamoja na vyeo vyake, anafikiri. Anatafuta jibu.

"Ningewanyamazisha wale wanaocheka," akasema hatimaye, kwa sauti ya kawaida, kama anamwambia mtu aliye mbele yake.

"Ndiyo," ikasema sauti ya Mwalimu kwenye simu. "Wengi mmesema mtawanyamazisha wenzake. Si vibaya. Lakini yeye mwenyewe bado amesimama pale na kitabu mkononi. Kaeni karibu naye kwanza."

Mama wa fedha ndiye aliyeanza kucheka. Tukacheka wote, na mkuu wa kitivo naye akacheka, akavua miwani, akasema, "Huyu mzee amenipata." Hakuna aliyezungumzia tena redio. Kamati ikapitisha kwamba kwa kozi za walimu walioko kazini, somo la sauti ndilo msingi, kazi za kufanya ziwekwe kwenye mfumo kwa maandishi mepesi, na video iwe kwa anayeitaka na anayeiweza. Kozi ya kufundisha kusoma ikabaki mikononi mwa mwenyewe. Nilitoka nje nikamkumbatia dada wa TEHAMA mpaka akalalamika.

Ningeweza kumpigia simu Mwalimu. Nikapanda basi. Kuna habari ambazo siwezi kumpa mtu bila kumwona anazipokea. Nililala hosteli ya kanisa, na asubuhi nikafika kwake nikamkuta anamwagilia mboga zake nyuma ya nyumba. Nikamsalimia, tukaulizana habari za kila aliyeko Mbeya na Iringa, kwa utaratibu wake, bila kuruka mtu. Kisha nikamwambia.

Aliiweka ndoo chini.

"Kwa hiyo Jumatatu nina darasa."

"Jumatatu una darasa, Mwalimu."

Akatazama mboga kwa muda. Mimi sikujaribu kuyaficha machozi yangu. Halafu akaingia ndani kwenda kuvaa tai. Nilidhani anataka twende kanisani kushukuru. Kumbe anataka kurekodi somo la Jumatatu saa ileile, kabla mashine ya jirani haijaanza.

Nikatundika blanketi. Nikafukuza kuku. Nikaapa nitakaa jikoni nioshe vikombe na hatasikia hata kijiko. Nilikuwa nimezamisha mikono yote kwenye povu, nawaza basi la kurudi, moyo mwepesi kama sijui nini, niliposikia kutoka sebuleni, "Kamwene, wanangu."

"Kamwene, Mwalimu," nikajibu, kwa sauti yetu ya Rungwe.

Nikatoka mbio mpaka mlangoni, povu linadondoka sakafuni, nikimwonyesha kwa ishara kwamba nimeharibu, aizime, tuanze upya. Akaniinulia kidole. Hakuizima. Akanitazama mimi badala ya simu, na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba.

"Na huko nyumbani hamjambo?" akauliza, akangoja.

"Hatujambo," nikasema.

Alikataa katakata kuirudia. Jumatatu somo likatoka vilevile. Nilikuwa nimebaki Iringa kwa shughuli nyingine, na lilipotumwa nilikuwa ndio kwanza nimepanda basi la kurudi Mbeya. Hatujafika Mafinga kundi likawa limewaka moto. Nani huyo mama kwa Mwalimu? Wa Makongolosi akauliza kama waanze kushona sare za harusi. Wa Kilolo akasema tumheshimu mzee wetu, lakini na yeye angependa kujua. Mimi niliyekuwa najibu kila kitu katika kundi lile, siku hiyo vidole viligoma.

Mwalimu akajibu mwenyewe, kwa sauti. Nikaibana simu sikioni kwa sababu ya muziki wa basi.

"Huyo ni mwanafunzi mwenzenu," alisema. "Siku hiyo aliwatangulia nyote kuitika."

Niliirudia sauti hiyo mpaka Makambako.